Si Ndengu, ni Kucha

Mimi ni Mbithe, fundi wa kucha. Kibanda changu kiko Mwingi, kando ya barabara ya Garissa. Ukipita hapo na hujanisikia nikicheka, jua siku hiyo sikufungua.

Mwezi wa pili kwetu ni mwezi wa ndengu. Watu wanavuna, wanapura, wanapepeta. Mavuno yakiwa mazuri, harusi nazo hufuatana, na wanawake wanataka kucha ndefu za akriliki. Akriliki ni unga unaochanganywa na dawa ya maji. Unaupaka juu ya ukucha kwa brashi, unakauka, unakuwa mgumu.

Lakini nilikuwa na shida. Mteja namtengeneza leo, kesho anaenda kupukuchua ndengu, keshokutwa anarudi na kucha mbili amezifunga kwa leso.

"Mbithe, kucha zako zimebaki shambani!"

Watu wanacheka. Mimi pia nacheka, lakini moyoni naumia.

Basi nikabuni ujanja wangu. Nilisugua ukucha wa mtu kwa tupa mpaka ukawa mwembamba kama karatasi, eti ndiyo dawa ishike vizuri. Kisha nilichanganya dawa ikiwa majimaji, nikaipaka mpaka ikapanda juu ya ngozi. Ncha ya brashi niliipangusa kwa vidole vyangu viwili, haraka haraka, mteja mwingine aingie. Na kweli, kucha hazikutoka. Nilijisifu sana!

Dada yangu mkubwa, Ndunge, alikuwa anaolewa mwisho wa mwezi wa tatu kule Nuu. Bwana harusi ni Ben, mwalimu wa kwaya. Mimi ndiye ningemtengeneza mikono. Tangu Krismasi nilikuwa nimemwekea kucha mara nne, tukijaribu rangi hii na ile.

Siku moja Ndunge akaja Mwingi na mama yetu, ambaye sisi tunamwita mwaitu. Ndunge alikuwa ameficha mikono ndani ya leso.

"Hebu nione," nikasema.

Aiya! Vidole vilikuwa vyekundu. Pembeni ya kucha kulikuwa na vipele vidogo vyenye maji. Nilipomgusa kidogo tu, akaruka.

"Zinawasha, Mbithe. Usiku silali. Hata kikombe cha chai siwezi kushika."

"Ni ndengu," mwaitu akasema. "Maganda yake yana manyoya. Hata mimi yananiwasha. Kila mwaka tukivuna ni hivyo. Yataisha."

Nilikubali upesi sana. Nani anataka kuambiwa ni yeye? "Ni ndengu tu," nikasema. "Keti hapa dada, nikuongezee dawa pale pameachia."

Nilikuwa nimeshika brashi tayari wakati jirani yangu alipoingia. Anaitwa Fartun, lakini sisi tunamwita Mama Abukar. Ana duka la vitu vya urembo, na kabla ya kuja Mwingi alitengeneza kucha Garissa kwa miaka kumi na miwili. Mama huyu haongei sana, lakini macho yake hayapitwi na kitu.

"Weka brashi chini, abaayo," akaniambia. Kwa Kisomali abaayo ni dada, na akiniita hivyo najua nimekosa.

Akamgeukia mwaitu. "Mama, wewe ndengu zinakuwasha wapi?"

"Mikono yote mpaka hapa kwa kiwiko. Na shingo."

"Na wewe bibi harusi?"

"Vidole tu," Ndunge akasema. "Hapa kwa kucha."

"Sasa ndengu gani hizo zinachagua kucha peke yake?" Kisha akaniangalia mimi. "Na wewe Mbithe, umevuna?"

"Mimi? Sijakanyaga shamba tangu Krismasi."

"Basi toa mikono nyuma ya mgongo."

Nikaitoa. Vidole vyangu viwili, vile vya kupangusia brashi, vilikuwa vimekauka na kupasuka. Vilikuwa vinaniwasha wiki mbili nzima, na nilikuwa sijamwambia mtu.

"Si ndengu," Mama Abukar akasema. "Ni kucha. Dawa ambayo haijakauka ikigusa ngozi mara moja, mbili, tatu, mwili unaizoea vibaya. Siku moja mwili unaikataa. Huo ndio mzio, ile watu wanaita aleji. Na mwili ukishaikataa, mara nyingi hauisahau maisha yote."

"Maisha yote?" Ndunge akauliza. "Na harusi yangu?"

Akaanza kulia. Nikalia na mimi. Nilimpenda dada yangu na nilikuwa nimemuumiza kwa mkono wangu mwenyewe, nikijisifu. Zilikuwa zimebaki wiki tano tu. Bibi harusi gani anavaa pete huku anaruka kwa maumivu?

"Machozi hayatibu vidole," Mama Abukar akasema. "Twendeni kliniki."

Muuguzi aliangalia mikono yetu sote wawili. Alimpa Ndunge dawa ya kupaka, akatuambia kucha zitolewe, lakini pole pole.

"Msizing'oe," akasema. "Ukivuta, unatoka na ukucha wake pia. Na Ndunge, usiweke tena akriliki wala zile za jeli. Siku ukienda kwa daktari wa meno, mwambie una mzio huu, kwa sababu dawa nyingine za kuziba meno zinafanana na hizi."

Mimi aliniambia nivae glavu, na kama vidole havitapona, nirudi kabla ya kuendelea na kazi. Hapo ndipo kicheko changu kilikwisha kabisa.

Mama Abukar alitoa kucha za Ndunge mwenyewe. Alipaka mafuta mazito kwenye ngozi ili isichomwe, akaweka pamba yenye asetoni juu ya kucha peke yake, akasubiri zilainike. Chini yake kucha za dada yangu zilikuwa nyembamba na za kuhurumiwa.

"Umezisugua kama unanoa panga," akaniambia. "Tupa ni ya kuondoa mng'aro wa ukucha tu."

Jumatatu akanifunza kazi upya. Mimi, fundi wa miaka mitatu, nikaketi kama mtoto wa nasari.

"Usifanye uji. Brashi ikichota, itoke na kidonge kizuri kisichodondoka. Dawa ikizidi maji, haikauki vizuri, na ndiyo inakula ngozi."

"Na hapa nyuma ya ukucha?"

"Acha nafasi kama punje ya wimbi. Dawa isiguse ngozi hata kidogo. Ikigusa, itoe na kijiti kabla haijakauka. Kijiti, si kidole! Na ile dawa ya kwanza ya kushikisha, tone dogo, juu ya ukucha tu. Glavu ikipata dawa, badilisha hapo hapo, kwa sababu dawa inapita. Na fungua hilo dirisha, unatupikia nini humu?"

Chupa yangu moja haikuwa na jina wala maelezo. Akaitupa bila kuniuliza.

"Lakini Mama Abukar," nikasema, "wakienda kupukuchua, kucha zitatoka tena. Watanicheka."

"Anayepukuchua ndengu anataka kucha za sentimita tano za nini? Mtengenezee fupi, au mwambie amalize mavuno kwanza."

Nilimwangalia. Muda wote huo nilikuwa napigana na ndengu, na jibu lilikuwa kukata kucha ziwe fupi.

Vidole vyangu vilipona. Mpaka leo sishiki brashi bila glavu, na kila mteja namuuliza kwanza kama aliwahi kuwashwa. Akisema ndiyo, simgusi. Namtuma kliniki.

Siku ya harusi, wasimamizi wanne wa Ndunge walikuwa na kucha fupi za rangi ya waridi. Hakuna aliyejikuna. Ndunge mwenyewe alikuwa na mikono mitupu iliyopakwa mafuta tu. Shangazi yetu Syombua, ambaye mdomo wake haujui likizo, akaishika mikono hiyo pale nje ya kanisa.

"Haiya! Bibi harusi hana kucha, na dada yake ndiye fundi?"

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini Ndunge akacheka.

"Ninazo kumi, shangazi. Hesabu."

Ndani ya kanisa, pasta akasema pete iletwe. Ben alikuwa na wasiwasi, akaushika mkono wa Ndunge kwa nguvu kama mtu anayeogopa kuanguka. Nikafumba macho. Nilingoja kusikia dada akilia kwa maumivu.

Sikusikia kitu. Nikafumbua jicho moja. Pete ilikuwa imeingia mpaka mwisho, na dada yangu alikuwa anaufinya mkono wa Ben kwa vidole vyake vyote vitano, akicheka.

Nikapiga kigelegele kabla ya pasta kumaliza. Akaniangalia. Nikapiga cha pili.