Marahaba ya Mzee Adinani

Sogeeni mkekani, wajukuu zangu. Mwenye kukohoa akohoe sasa. Kisa hiki hakitaki kelele.

Mzee Adinani, fundi cherehani wa Tabora mjini, alikuwa na marahaba ya kuvuta, marahabaaa, mpaka mbuzi wa jirani anageuka. Asubuhi moja binti yake Tunu alimpelekea uji. Chumba kilinuka karafuu maiti, na mle hamkuwa na msiba.

"Shikamoo, baba."

Mzee akageukia ukutani.

"Baba, shikamoo!"

"Maiti hapewi shikamoo, Tunu. Nipe salamu ya makaburini."

Uji akaukataa. Tumbo, alisema, limeshaoza.

Tunu akakimbilia hospitali. Daktari akamweleza: ni ugonjwa wa akili, wa nadra, huwashika wazee; mtu huamini kabisa kwamba amekufa. Hutibika. "Mlete kabla njaa haijammaliza."

Kaka yake Twalibu akacheka. "Ugonjwa gani unanuka karafuu maiti? Huyo jini. Tena jini muungwana, ananiharakishia nyumba!"

Wakamwita mganga wa Sikonge. Akafukiza ubani, akauliza, "Nani yumo humu?" na kinywa cha mzee kikafunguka, midomo isicheze, sauti ikatoka kama ya mtu aliye ndani ya kisima, ikisema hakuna mtu, nyumba tupu, mwenyewe kahama, na ule moshi badala ya kupanda ukalala sakafuni, ukatambaa mpaka miguuni pa Twalibu, ukamzunguka kama mbwa anayemnusa mgeni.

Mganga akabeba chetezo chake. "Simwezi. Mpelekeni hospitali."

"Umesikia?" Twalibu alimnong'oneza dada yake. "Hakuna mtu. Maiti halishwi."

Akautia mlango wa chumba kufuli, ufunguo akaufunga kiunoni, akawaambia majirani wasisogee, jini atawarukia. Tunu akakaa mlangoni na bakuli la uji, akigonga, akilia, akimwita baba, na ndani cherehani ikisaga, ikisaga, leo kwa kasi, kesho kwa kuburura, hata ikanyamaza.

Walipofungua, mzee alikuwa amelala ndani ya sanda aliyojishonea. Imemwenea.

Tunu karithi cherehani, haigusi. Twalibu karithi nyumba, na chumba kile.

Juzi binti yake mkubwa, Hafsa, alimpelekea chai. "Shikamoo, baba."

Twalibu akaisukuma chai. "Maiti hapewi shikamoo."

Hafsa hakulia. Alimfungua baba yake kitu kiunoni, akatoka, akarudishia mlango.

Yeye karithi ufunguo.