Kundi Lisilo na Kengele

Kila asubuhi, kabla jua halijafika kwenye mapaa ya mawe ya kijiji chetu cha Kapnohori, Aglaia aliketi ukingoni mwa kitanda na kuvaa mguu wake. Kwanza soksi ya sufi juu ya kigutu, kisha mguu wa bandia, kisha kiatu cha mguu wa pili. Halafu alishuka ngazi akiwa ameshikilia ukuta, akaenda kumfungulia babu yake lango la zizi.

Babu Zisis alitangulia na fimbo yake. Mbwa wao, Murgos, alifuata, na nyuma yake kondoo wakapita barabara ya mawe kimyakimya. Ulisikia kwato tu. Wanaume waliokuwa wakinywa kahawa mkahawani walivua kofia, maana kwetu milimani kundi lisilo na kengele ni kundi lililofiwa na mwenyewe. Mchungaji akifa, kondoo wake huvuliwa kengele. Mwaka ukitimia huvalishwa tena, na maisha yanaendelea. Sisi tulizaliwa tukalikuta jambo hilo, na hakuna aliyewahi kuuliza sababu.

Lakini kundi hili lilikuwa limekaa bubu kupita mwaka. Mimi ukuta wangu umeshikana na wao, kwa hiyo ninayosimulia mengi niliyaona, na mengine aliniambia Aglaia mwenyewe.

Mtoto huyu aliugua akiwa na miaka kumi na mmoja. Alianza kulalamika mguu unauma, wakadhani ni kwa sababu ya kurukaruka na kondoo. Walipompeleka mjini Yanina, daktari akasema ni saratani ya mfupa. Wakaukata mguu chini ya goti. Kisha zikafuata dawa kali zilizomtapisha na kumnyonyoa nywele zote. Kila Jumapili baba yake, Lambros, alipanda basi kwenda kumwona, akiwa na kipande cha jibini mfukoni na habari za kila kondoo.

Halafu Jumapili moja Lambros hakuja. Na iliyofuata hakuja.

"Baba ana kazi, mwanangu," mama yake, Theopisti, alimwambia kitandani pale hospitalini. "Kondoo wanazaa."

"Wanazaa mpaka lini? Mwambie nimekasirika!"

"Nitamwambia," Theopisti alijibu. Akatoka nje ya wodi, akajifuta uso, akarudi akitabasamu.

Lambros alikuwa tayari kaburini. Moyo wake ulisimama akiwa zizini, ndoo ya maziwa mkononi. Wakubwa walikubaliana kwamba mtoto asiambiwe mpaka apate nguvu. Waliona ni huruma.

Siku aliporudi nyumbani, Aglaia alikataa kulala. Aliketi kizingitini, kichwa kikiwa hakina hata unywele mmoja, akimngoja baba yake. Jioni kundi likashuka. Akamwona Kitsos, dume kubwa lililohasiwa ambalo hutangulia wenzake, akaona shingo yake tupu. Akawatazama wengine. Wote shingo tupu. Hakukuwa na haja ya mtu kumwambia kitu.

Akamgeukia mama yake. "Kumbe miezi yote hii nilikuwa namnunia marehemu," alisema.

Tangu siku hiyo aliongea na mama yake na babu yake maneno ya lazima tu. Nipe chumvi. Funga mlango. Basi.

Mwaka ulipotimia, Theopisti alichemsha ngano ya kumkumbuka marehemu, ikagawiwa kanisani, nasi tukangoja kengele jioni. Kimya. Nilimfuata mzee Zisis nikamuuliza.

"Hazirudi," alinijibu. "Kwani mwanangu alikufa kwa mwaka mmoja?"

Nikarudi kwangu.

Mwezi mmoja baadaye akatoa tangazo lake la pili, mezani, wakila maharagwe. Magoti yake yalikuwa yamekwisha. Kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Dimitri, wakati makundi yanaposhushwa mabondeni kukwepa theluji, kondoo wangeuzwa wote.

"Usiwauze, babu," Aglaia alisema. "Nitachunga mimi."

"Kwa mguu gani, mjukuu wangu?"

Mzee hakusema kwa ubaya, lakini neno lilishatoka. Aglaia akasukuma sahani.

"Sasa nilipona ili iweje?" aliuliza. "Nikae dirishani nihesabu magari? Baba hayupo, mguu haupo, na sasa kondoo. Mngeniacha tu nife kule hospitalini."

Theopisti aliinamisha kichwa. Hakuna aliyekula tena usiku huo.

Shuleni nako hakukuwa na nafuu. Vaios, mtoto wa mwenye mkahawa, alisikia habari ile akaipeleka darasani. "Ati Aglaia anataka kuwa mchungaji! Wewe labda uchunge kondoo wa kuchora ukutani. Hao hawakimbii." Darasa likaangua kicheko. Aglaia hakulia. Alikuwa anafikiria jambo moja ambalo hao wachekaji hawakulijua: baba yake hakuwa mtu wa kukimbia. Lambros alikaa juu ya jiwe lake kule malishoni, akafumba macho, akasikiliza. Kwa mlio wa kengele alijua nani yuko wapi, nani amejitenga, nani ameshtuka. Alimfundisha binti yake hivyo hivyo tangu akiwa mdogo. Kazi ile ilitaka masikio.

Jumamosi iliyofuata magoti yalimlaza babu. Theopisti alikuwa ameshuka kupeleka maziwa kwenye kiwanda cha jibini. Aglaia hakumwomba mtu ruhusa. Alifungua lango, akamwita Murgos, akapandisha kundi mlimani.

Mpaka adhuhuri mambo yalikwenda vizuri. Kisha ukungu ukashuka, mzito, na ndani ya muda mfupi hakumwona hata mbwa wake. Akafumba macho asikilize, kama alivyofunzwa. Asikilize nini? Kondoo walikuwa bubu! Wangeweza kuwa hatua chache mbele yake au ng'ambo ya korongo, yeye asingejua. Akaanza kukimbia huku na huko akiita kondoo kwa majina, "Kitsos! Kalesia!" Akateleza kwenye changarawe, mguu ukachomoka, naye akabiringika mpaka kwenye vichaka. Alipouvaa tena, soksi ilikuwa imelowa damu.

Murgos alimkusanyia aliowapata. Ilikuwa nusu ya kundi, Kitsos akiwemo.

Vaios alimkuta penye bomba la maji kijijini, akichechemea. Alifungua mdomo ili acheke, akaiona damu, akaufunga.

"Wengine wako wapi?"

"Wamepotea."

"Babu yako atakuua." Vaios akatazama huku na huku, akanong'ona. "Sikiliza. Sema ulikuta lango wazi. Mzee anasahausahau, ataamini aliliacha mwenyewe. Nami nitasema nililiona."

Aglaia alifikiri. Ilikuwa rahisi mno, na hakuna ambaye angejua.

"Ahsante," alisema. "Kwetu uongo umeshatosha."

Aliingia moja kwa moja chumbani kwa babu yake na viatu vyenye tope. "Babu, nimetoa kondoo bila kukuambia. Ukungu ukanikuta. Nimepoteza nusu ya kundi. Ni mimi."

Mzee Zisis aliinuka kitandani kwa taabu, uso umemwiva kwa hasira. "Nani alikutuma? Eh? Nani?"

"Hakuna aliyenituma! Na wewe nani alikutuma kuwanyamazisha?" Sasa Aglaia alikuwa analia, machozi yote aliyoyabana tangu siku ile ya kizingitini. "Mimi sina miguu ya kukimbilia kondoo bubu, babu. Nina masikio, na hayo nayo mmeninyang'anya! Mlinificha kifo cha baba. Sikumzika, sikumlilia, nilikuwa namnunia. Halafu mkafungia sandukuni kengele, kitu pekee alichonifundisha kusikiliza!"

Theopisti alikuwa amesimama mlangoni, ameshika madebe matupu ya maziwa. Hatukujua amesikia kiasi gani. Nasema hatukujua kwa sababu hata mimi, kwa kelele zile, nilishafika uani mwao.

"Baba," alimwambia mkwewe, "zitoe wewe, au nizitoe mimi."

Mzee alimtazama mkwe wake, kisha mjukuu wake, kisha ile soksi yenye damu. Akavuta sanduku kutoka chini ya kitanda.

Kila kengele ilikuwa imejazwa manyoya ili isilie. Babu aliyachomoa kwa vidole vyake vinene, akikwepa kututazama. Kisha akakwama. Lambros ndiye aliyezichagua kengele zile, moja baada ya nyingine, mpaka zikaelewana milio. Mzee hakujua ipi ni ya nani.

"Gonga," Aglaia alisema, akafumba macho.

Babu akagonga moja. "Ya Kalesia," Aglaia akasema. Akagonga nyingine. "Hiyo ya dada yake. Iweke pembeni, naye amepotea." Babu akagonga ile kubwa, ya shaba nene, ambayo hatukuisikia tangu mazishi. Theopisti akaketi sakafuni ghafla. "Kitsos," Aglaia alisema.

Tuliwavalisha waliorudi kengele zao, tukarudi mlimani na kundi nusu, mzee juu ya punda, Theopisti ameshika taa, mimi nyuma. Ukungu ulikuwa bado. Aglaia aliketi juu ya jiwe la baba yake, akamwacha Kitsos ale taratibu, na kengele ile ikaanza kulia kwenye weupe ule. Tukangoja. Baridi ilitupata vizuri.

"Kushoto," Aglaia alisema. "Kuna anayejibu."

Sisi hatukusikia kitu. Kisha kweli, mlio wa kondoo, mbali. Wakaja wawili wakiwa wameshikana ubavu. Halafu wengine. Walifuata mlio wa kengele kubwa kama walivyozoea tangu wanazaliwa, na kila mmoja alipofika, Theopisti alimshika shingo na kumvalisha kengele yake, kama Aglaia alivyomtajia.

Sitadanganya kwamba walirudi wote. Siku ya pili, jua likiwa limetoka, Aglaia na babu yake waliwakuta Kalesia, dada yake na mwana-kondoo wake chini ya korongo. Mbwa mwitu alikuwa amemaliza kazi yake. Aglaia alisimama akitazama manyoya yaliyonasa kwenye mawe.

"Aliyewaua hawa ni mimi," alisema.

"Ni wewe, ulitoka bila ruhusa," babu alijibu. Hakuwa mtu wa kubembeleza. "Na ni mimi, niliwanyima kengele. Kaa hapa."

Wakaketi juu ya jiwe. Mzee akailaza fimbo yake magotini.

"Tulikuficha kifo cha baba yako, tukaita huruma," alisema. "Nikazificha kengele, nikaita heshima. Yote ilikuwa hofu yangu tu, sikutaka kuzisikia bila yeye. Wewe jana ungeweza kunidanganya, nami ningeamini. Hukunidanganya. Ndiyo maana kundi haliuzwi. Utachunga mlima huu wa karibu ukitoka shule, nami nitakufuata na punda kwenye miteremko. Lakini ujue hivi, mjukuu wangu. Mguu hautarudi. Lambros hatarudi. Hawa watatu hawatarudi. Mtu akifiwa, alie, na asimfiche mwenzake kilio. Kisha ainuke akawachunge waliobaki, maana nao wana njaa."

Aglaia aliegemeza kichwa chake begani kwa mzee. Nywele zake zilikuwa zimeanza kuwa ndefu, zikamchoma mzee shavuni.

Jioni Theopisti alikuwa jikoni anapakua. Akasikia kengele zinashuka barabara ya mawe, kengele zote pamoja, vile vile zilivyokuwa zikishuka miaka yote mume wake aliporudi nyumbani. Mkono wake ukatoa sahani nne kabatini. Alizitazama kidogo. Akarudisha moja, akajifuta uso kwa aproni, akaenda kumfungulia binti yake mlango.