Mkalimani Aliyetaka Kuwa Wakili

Miaka ile treni ya miwa ilikuwa bado inapita nyuma ya nyumba yao, na Shayal aliamshwa na mlio wake kila siku ya msimu. Alipofika jikoni alimkuta mama yake, Urmila, ameshawasha jiko zamani, na harufu ya chapati na dengu imejaa nyumba nzima. Shayal aliketi kwenye kigoda, mama akamsuka nywele huku akimsimulia vichekesho vya mahakamani.

"Jana hakimu kamwuliza mzee mmoja, 'Una umri gani?' Mzee akajibu, 'Mwulize mke wangu, yeye ndiye anayehesabu.'"

"Nawe ukatafsiri hivyohivyo?"

"Neno kwa neno. Hakimu mwenyewe alicheka mpaka akavua miwani."

Urmila alikuwa mkalimani wa mahakama katika mji wao mdogo, kisiwani Vanua Levu, nchini Fiji. Kesi ziliendeshwa kwa Kiingereza, lakini wakulima wa miwa walisema Kihindi, na wengine Kifiji. Urmila alizimudu lugha zote tatu. Kazi hiyo aliianza kabla Shayal hajazaliwa. Hata Shayal alipokuwa mtu mzima, mwenye watoto wake, hakuna kitu alichokikumbuka kwa hamu kama asubuhi zile: moshi wa jiko, kitana kichwani, na sauti ya mama ikiigiza wazee wa mahakamani.

Jioni moja, Shayal akiwa na miaka kumi na miwili, mama aliweka sahani mezani lakini hakuketi.

"Nina neno," alisema. "Chuo cha sheria cha Vila, kule nchini Vanuatu, kimenikubali. Ni miaka minne. Wanataka jibu langu Ijumaa."

Baba, Vijen, aliyekuwa dereva wa lori la miwa, aliacha kutafuna. Bibi Dhanraji, mama yake baba, ndiye aliyetangulia kusema.

"Na kazi yako je?"

"Nimeuliza. Nikiondoka, atapewa mwingine. Sina ahadi ya kurudishwa."

"Basi umeshajibiwa! Kazi ya serikali haiachwi hivihivi, mkwe wangu. Tena una miaka thelathini na minane. Utakaa dawati moja na watoto wasioota ndevu?"

"Mama, mwache aseme," baba aliingilia. Akamgeukia mkewe. "Lori langu bado linawaka. Likigoma, tutalisukuma. Hatutakufa njaa. Lakini siwezi kukuamulia, Mama Shayal."

Mama alimtazama Shayal kana kwamba naye alikuwa na kura yake. Shayal aliinamisha uso kwenye sahani.

Bibi hakujua kuificha habari. Alimnong'oneza jirani juu ya ua, na kesho yake shule nzima ilikuwa inajua. Ilikuwa siku ya mwisho kabla ya likizo. Ronil, mvulana mwenye mdomo kuliko wote darasani, alimngojea Shayal penye bomba la maji.

"Eti mama yako anarudi shule? Sare atapata wapi ya kumtosha?"

"Akichelewa atapigishwa magoti!" mwingine akadakia.

"Na wewe Shayal ndiye utakayeitwa kwenye mkutano wa wazazi!"

Wakaangua kicheko. Losalini, rafiki yake Shayal, aliweka mkono kiunoni. "Ronil, wewe mwenyewe darasa la nne umelirudia. Nyamaza."

Safari hii wakamcheka Ronil, lakini mwiba ulikuwa umeshamwingia Shayal. Alikwenda nao nyumbani. Jioni, mama alipokuwa akigeuza chapati, mwiba huo ukageuka maneno.

"Watu wanatucheka kwa sababu yako! Mama za wenzangu wanakaa na watoto wao. Wewe unataka kwenda kukaa darasani kama mwanafunzi aliyefeli. Mzee mzima! Huoni aibu?"

Mama hakugeuka. Chapati iliungua, moshi mweusi ukapanda, naye akaendelea kuitazama tu. Mwishowe akaiepua.

"Basi, mwanangu," alisema polepole. "Sitakwenda. Ijumaa nitawapigia simu niwaambie."

Shayal alikuwa amepata alichokitaka. Mbona basi jioni ile hakumaliza hata chapati moja?

Alhamisi Bibi alikwenda kwenye maandalizi ya harusi ya mpwa wake, na baba alikuwa safarini na lori. Mama akaamua kwenda na Shayal kazini. "Utakaa benchi la nyuma. Ukikohoa, kohoa kwa adabu."

Kwenye baraza ya mahakama walimkuta mjane mmoja, Phulmati, amekaa chini na ncha ya sari yake mkononi, anaifunga na kuifungua. Alipomwona mkalimani akasimama upesi.

"Dada, wanasema ng'ombe wangu kala mpunga wa jirani yangu Hari. Ni kweli kala, siwezi kudanganya. Lakini ua wa shamba kaukata Hari mwenyewe apitishe trekta lake, asiuzibe! Nilimwambia mara ngapi auzibe?"

"Hayo usiniambie mimi, dada yangu," Urmila alimjibu kwa upole. "Ukiingia ndani, mwambie hakimu."

Ndani, Hari alikuwa na wakili aliyekuja kutoka Suva, mji mkuu, mwenye suti na viatu vinavyong'aa. Wakili alimwuliza mteja wake hili na lile, kila jibu likakaa mahali pake. Kuhusu ua hakuuliza kitu. Kisha hakimu, mtu mpole, akamgeukia mjane.

"Je, una swali lolote kwa shahidi huyu?"

Urmila akayageuza maneno kwa Kihindi, wazi na taratibu. Phulmati alitazama suti, akatazama dari, akatazama miguu yake mwenyewe.

"Mimi mtu maskini nitasema nini, bwana? Mungu anajua."

Urmila akatafsiri. Hakimu akangoja, akauliza tena. Jibu likawa lilelile. Shayal, kwenye benchi la nyuma, alikaza vidole mpaka vikamwuma. Ua! Sema habari ya ua! Alimtazama mama yake. Midomo ya mama ilifunguka kidogo, kisha ikafungwa. Hakimu hakuwa na cha kuamulia ila yale yaliyosemwa mbele yake. Aliamua ng'ombe auzwe, hasara ya mpunga ilipwe. Phulmati alitoka na ncha ya sari mdomoni ili kilio kisisikike.

Walipokuwa wakila chakula cha mchana nje, Shayal hakuweza kujizuia.

"Mama, ulijua habari ya ua. Kwa nini hukusema?"

"Si ruhusa. Mkalimani akiongeza neno lake, hakuna atakayemwamini tena, na hapo wote wataumia. Mimi ni mdomo tu, mwanangu. Maneno ni ya wengine."

"Na kama kungekuwa na wakili upande wake?"

"Wakili angeuliza swali moja tu. Moja! Lakini mjini kwetu hakuna wakili, na kumleta kutoka Suva ni kazi ya wenye nacho." Mama alikunja karatasi ya chakula ikawa ndogo sana. "Wa namna ya Phulmati nimewaona wengi. Wengine nawaota."

Shayal alihisi uso wake unawaka. Kumbe mama alitaka kwenda chuo kwa ajili ya akina Phulmati, si kwa kuichoka familia yake wala kwa kujikweza. Na yeye alikuwa amemwambia nini?

"Umeshapiga simu?" aliuliza.

"Kesho."

"Usiwaambie hapana. Mama, nisamehe. Niliyosema juzi hayakuwa yangu, yalikuwa ya Ronil. Yangu ni kwamba naogopa utaondoka na nyumba itakuwa kimya." Machozi yakamtoka. "Lakini nenda."

"Na wenzako wakicheka?"

"Watacheka wachoke."

Mama alimvuta, akamkumbatia kwa nguvu mbele ya askari wa mahakama, bila kujali.

Aliondoka mwanzoni mwa mwaka, kwa ndege ndogo yenye kelele nyingi kuliko ukubwa wake. Bibi, aliyepinga tangu mwanzo, ndiye aliyelia zaidi, na ndiye aliyemfungia achari chupa tatu. Nyumba ilikuwa kimya kweli, kama Shayal alivyoogopa. Baba aliunguza dengu. Chapati za Shayal zilitoka na pembe, na Bibi alizila bila kusema neno, jambo lililokuwa gumu kwake. Kila Jumapili simu ilipolia waligombania kuipokea. Kulikuwa na miezi mibaya: mwaka wa pili mama alifeli somo moja, akalia kwenye simu, na Bibi akamfokea, "Rudia! Kwani wewe wa kwanza?"

Shayal alikuwa na miaka kumi na saba mama alipoanza kazi ya uwakili, katika chumba kidogo cha kupanga juu ya duka la vitambaa. Jioni ya siku ya kwanza, wakipanga viti vya wateja, Shayal alimwuliza jambo lililomkaa moyoni muda mrefu.

"Kama nisingekuambia uende, ungekwenda?"

Mama alifikiri. "Hapana. Ningebaki, wala nisingekulaumu. Ungekuwa na mama kila asubuhi, na mimi ningezeeka nikitafsiri." Akaketi. "Sikiliza, mwanangu. Kurudi darasani ukiwa mtu mzima si aibu. Aibu ni kujua unachopaswa kufanya, ukakiacha kwa kuogopa kicheko cha watu. Na ukimpenda mtu, usimpe maneno uliyookota njiani. Mpe yako mwenyewe, hata kama yana machozi. Siku ile uliponiambia unaogopa, ndipo nilipopata nguvu ya kwenda."

Hapo hodi ikabishwa mlangoni. Mama akajiweka sawa, akamwashiria Shayal kwa kidevu.

"Fungua, tusimweke mteja nje."