Sauti Isiyovuta Pumzi

Mwanaidi alikwisha kuzikwa pale kaka yake, Haruni, alipomsikia akisoma ukurasa ambao hakuwahi kuufikia.

Haruni alipofushwa na surua utotoni. Miaka ile ya tisini alikuwa akisomea sheria chuo kikuu Dar es Salaam, na chuo kilimwekea njia: chumba cha chini, mashine ya nukta nundu, muda wa ziada kwenye mitihani, na ruhusa ya kuwa na msomaji. Msomaji huyo alikuwa Mwanaidi, mdogo wake, aliyemaliza kidato cha nne akabaki nyumbani Ikwiriri. Vitabu vilikwenda kwa basi, kaseti zikarudi kwa basi. Binti alisoma Kiingereza kile kigumu akijikwaa, akikohoa, akikatiza kufukuza kuku, kisha akicheka: "Samahani, wakili wangu. Tuendelee."

Masika ikaharibu barabara. Homa ikampanda, gari la kumpeleka hospitali likanasa kwenye tope, na humo humo akakata roho. Haruni alifika watu wameshatoka makaburini.

Chuo kilimruhusu afanye mtihani baadaye, kikampa msomaji mpya, Hemedy, mwanafunzi mwenzake, aliyefuatana naye hadi Ikwiriri wakajiandae karibu na mama yake, Bi Tatu. Lakini kwanza Haruni alitaka kuisikia tena kaseti ya mwisho kwenye redio yake. Alijua inapoishia: katikati ya sura, kwenye kikohozi.

Kikohozi kikaja. Kisha sauti ikaendelea.

"Hemedy," akanong'ona, "tazama kitabuni. Haya yamo?"

Hemedy akafuatisha kwa kidole. "Yamo, neno kwa neno. Si ulisema hakufika huku?"

Haruni akairudisha kaseti nyuma, akasikiliza tena.

Kesho yake sauti ikasonga mbele zaidi, na kaseti haikwisha. Haikujikwaa, haikucheka. Chumbani kukajaa harufu ya tope la mikokoni, lile bichi linaloachwa na maji yakitoka, ingawa ilikuwa adhuhuri na jua linachoma bati. Ndipo Haruni, aliyezoea kumjua mtu kwa namna anavyovuta hewa kabla hajatamka, akaanza kungoja ile pumzi ndogo aliyoizoea mwishoni mwa kila sentensi, akaingoja aya nzima, akaingoja sura nzima, na sauti ya mdogo wake ikaenda, ikaenda, laini kama mafuta, haikuvuta pumzi hata mara moja.

Angeweza kuizima. Hakuizima. Ilikuwa sauti ya Mwanaidi, na yeye hakuwa na kingine cha Mwanaidi.

Hemedy ndiye aliyeudhika. "Bwana, hii siyo heri," alisema, akaizima redio, akatoa na betri. "Mimi ndiye niliyeletwa kukusomea." Akafungua kitabu. Hakumaliza mstari. Alipaliwa, akaanguka mkekani, akatapika maji mazito yenye mchanga.

Na ile redio isiyo na betri ikasema polepole, "Kaka, huyu wa nini? Si nipo?"

Bi Tatu akakimbia kumwita Mwanamkuu, mganga aliyehamia kutoka Kibiti. Bibi yule alifukiza ubani chumba kizima, akaketi mbele ya redio.

"Nani wewe?"

"Mwanaidi."

"Mwanaidi tumemuosha kwa mikono yetu. Nani wewe?"

"Nilipita njiani, nikakuta sauti imeachwa kwenye tope. Nikaivaa. Sijawahi kusikilizwa hivi."

Mwanamkuu akamgeukia Haruni. "Mwanangu, ubani wangu hautamtosha. Anakula masikio yako. Ni wewe umwambie aende, na utake kweli aende. Lakini akitoka, atatoka na sauti aliyoivaa. Kaseti zote."

"Zote, bibi? Hata za zamani?"

"Zote."

"Kaka," ikasema redio, na sasa ikajikwaa kama mwenyewe. "Samahani, wakili wangu. Zimebaki kurasa chache tu. Usiniache tena kwenye tope."

Haruni akaikumbatia ile redio, akalia kwa sauti, kilio ambacho hakukilia msibani. Nyuma yake Hemedy alikuwa akikoroma, akitafuta hewa, na mkoromo ukizidi kufifia.

"Nenda," Haruni akasema. Halafu tena, paji la uso likiwa juu ya spika: "Nakupenda, mdogo wangu, kama ni wewe. Nenda."

Harufu ikakatika. Hemedy akavuta pumzi ndefu. Kaseti zikajaribiwa moja baada ya nyingine, za mwaka ule na za mwaka uliopita. Zote zilikuwa zikivuma tupu.

Hemedy alimsomea mtihani wake wote, akikwama hapa na pale, na ule muda wa ziada Haruni aliutumia kujifuta macho. Alifaulu.

Alirudi Ikwiriri kumpa mama yake habari hiyo. Akamkuta chumbani, ameketi chini, redio inavuma mapajani mwake. Haruni alitega sikio. Hapakuwa na neno.

"Mama, zima. Haina kitu."

"Nyamaza kidogo, baba," Bi Tatu akasema kwa upole. "Mdogo wako anazungumza."

Kisha akainamia spika, akaitikia: "Abee, mwanangu. Sijachoka. Endelea."