Namba ya Uongo Mkiani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Tumpe alichemsha dawa ya baba yake. Alitia mizizi na magome kwenye sufuria ndogo, akasubiri maji yawe meusi, kisha akachuja. Baridi ya mtaa wao wa Ilomba ilimfanya avute mikono ya sweta mpaka kwenye vidole. Alipompelekea baba kikombe, baba alikunja uso, akanywa yote.

"Ndaga, mwanangu," alishukuru kwa Kinyakyusa. "Chungu kweli, lakini inanisimamisha."

Baba yake, Amos, alikuwa fundi kwenye kiwanda cha karatasi Mgololo mpaka ugonjwa wa sukari ulipomrudisha nyumbani. Kwa muda mrefu alikuwa mtu wa kulala tu, na nyumba ilinyamaza kama ya msiba. Kisha jirani yao, mzee Zabron, akamletea dawa hiyo ya miti. Sukari ikashuka. Baba akaanza kutembea, akawa anatengeneza viti vya majirani, hata kicheko chake kikarudi. Tumpe aliomba Mungu dawa ile isiishe duniani.

Mama yake, Eveline, alitunza panya katika maabara moja ya utafiti mjini Mbeya. Walikuwa panya wadogo weupe, wa kujaribia dawa kabla ya kupewa watu. Mwaka huo maabara ilikuwa ikiichunguza dawa ya mzee Zabron, kwa kuwa watu wengi mjini walikuwa wakiinywa. Panya wa kizimba cha kwanza walinyweshwa dawa, wale wa kizimba cha pili maji matupu. Daktari Clement, mkuu wa utafiti huo, alitaka kuona tofauti yao.

Jumamosi moja mama aliamka mgongo ukimuuma. Akamchukua Tumpe wakabadilishe maranda ya vizimbani, ingawa watoto hawakuruhusiwa kuingia humo.

"Usiguse kitu nisichokuambia," mama alimwonya akimvalisha glavu.

Ndani walimkuta dada Benedicta, fundi wa maabara, akiwa kwenye mashine ya kuchora tatuu. Alimwingiza panya kwenye kibomba chembamba, mkia ukabaki nje. Akabonyeza kitufe. Sindano ndogo zilicheza juu ya mkia kwa mlio mwembamba, na mara namba nyeusi ikatokea.

"Shikamoo dada. Hasikii maumivu?" Tumpe aliuliza.

"Marahaba. Anasikia kidogo, kama wewe ukichomwa sindano. Ila namba hii atazikwa nayo. Hawa wote wanafanana, bila namba hatuwezi kujua nani amekunywa nini." Akaonyesha vizimba viwili vya utafiti wa dawa ya Zabron. "Hawa wino wao ulikuwa mbovu, namba zimefifia hazisomeki. Nikitoka kunywa chai nitawachora upya, kizimba kwa kizimba."

Benedicta alipotoka, Tumpe alisogea karibu. Panya wa dawa walikuwa wamejikunyata pembeni, manyoya yamewasimama, macho nusu yamefumba. Wale wa maji walikuwa wakikimbizana.

"Mama, hawa wana nini?"

"Wanadhoofu," mama alijibu kwa sauti ndogo. "Daktari anasema wakiendelea hivi, Jumatatu atatangaza watu waache kuinywa. Sijui nitamwambiaje baba yako."

Mama akabeba ndoo ya maranda machafu kwenda kuyatupa. Tumpe akabaki peke yake. Akilini alimwona baba yake amelala tena, uso ameuelekeza ukutani. Hakufikiri zaidi ya hapo. Akawashika panya mmoja mmoja kama mama alivyomwelekeza walipobadilisha maranda, akawahamisha: wagonjwa akawatia kwenye kizimba cha maji, wazima kwenye kizimba cha dawa.

Benedicta alirudi, akaketi kwenye mashine. Mkia baada ya mkia, mashine ikaandika ilichoamriwa. Tumpe alisimama anaangalia.

Jumatatu Daktari Clement aliwakuta wa dawa wamechangamka, na wagonjwa wako upande wa maji. Akashangaa. "Basi tatizo huenda si dawa," aliwaambia wenzake. "Labda kuna ugonjwa umeingia humu chumbani. Tusiwatishe watu bure." Tangazo likaahirishwa.

Mama alileta habari hiyo nyumbani akiwa amechangamka. Baba alifurahi, akaanza kunywa kikombe kingine jioni. Bibi Tupokigwe wa nyumba ya pili, ambaye naye aliinywa, alisimama mlangoni kuuliza.

"Eti mama Tumpe, ile dawa wameipima huko kwenu?"

"Wameipima, bibi. Hawajaona shida."

Tumpe alikuwa akiosha vyombo. Aliinamisha kichwa kwenye beseni.

Haukupita muda mrefu, macho ya baba yakaanza kuwa ya manjano. Akakataa chakula. Siku moja Tumpe alitoka shule akamkuta anatapika na kuongea maneno yasiyoeleweka, hata jina la binti yake hakulikumbuka. Majirani wakasaidia kumkimbiza hospitali.

"Ini lake limeumia vibaya," daktari wa wodini alisema. "Anatumia dawa yoyote nyingine?"

"Anakunywa ya miti," mama alijibu. "Lakini hiyo kazini kwetu wameipima, haina neno. Hata leo asubuhi nimemnywesha kidogo apate nguvu."

Daktari akatikisa kichwa. "Basi itabidi tutafute chanzo kingine."

Tumpe alitazama mikono ya baba yake, jinsi ilivyokuwa ya manjano juu ya shuka.

"Ni hiyo dawa," alisema.

Wote wakamgeukia. Alieleza yote huku akilia, tangu wino uliofifia mpaka panya aliowahamisha. Mama hakumpiga wala hakumkaripia. Aliketi polepole kwenye benchi. Kisha akatoa simu, akampigia Daktari Clement.

Dawa ya miti ilisimamishwa siku ileile, na baba akatibiwa ipasavyo. Alipona, lakini hakurudi kuwa yule wa mwanzo. Alitoka hospitali amekonda, akaanza kutumia sindano za kliniki. Kazi ya viti ikamshinda.

Kule maabara, namba za uongo hazingeweza kufutwa. Hakuna aliyeweza tena kuthibitisha panya yupi alikunywa nini, hivyo wote wa vizimba vile viwili wakauawa na utafiti ukaanza upya. Mama aliondolewa kwenye chumba cha panya, akapelekwa kufagia ua. Utafiti mpya ulipokwisha, ukweli ukawa wazi kwamba dawa ilishusha sukari huku ikiharibu ini. Tangazo likasomwa kliniki na makanisani. Mzee Zabron, aliyekuwa akiamini anawasaidia watu, aliacha kuiuza.

Lakini Bibi Tupokigwe hakulisikia tangazo hilo. Alikuwa amezikwa wiki ileile baba alipolazwa.

Tumpe hakupata usingizi mzuri kwa siku nyingi. Mwishowe alimfuata mama uani, alikokuwa akianika nguo.

"Mama, bibi nimemuua mimi?"

Mama aliweka nguo chini. "Sijui, mwanangu. Alikuwa mzee na alikuwa mgonjwa. Mimi na wewe hatutajua kamwe, na hilo tutaishi nalo. Mimi nilifanya kosa kukuingiza mahali usiporuhusiwa. Nikamjibu bibi kwa kitu ambacho sikukichunguza. Wewe ulimpenda baba yako, hilo halina kosa. Kosa ni kuuficha ukweli ambao watu wengine waliutegemea. Ukiharibu jambo, sema palepale, hata kama unaogopa. Uongo ukishatoka mikononi mwako, huna uwezo wa kuuchagulia mtu wa kumuumiza."

"Wanawe wanajua?"

"Hawajui."

Tumpe akajifuta machozi. "Twende tukawaambie."

Mama akavua aproni. Wakatoka pamoja mpaka nyumba ya pili. Mlango ulikuwa umefungwa, na ndani walisikika watu wakiongea. Mama akanyanyua mkono ili abishe, lakini Tumpe akamtangulia.

"Hodi," alisema.