Kinanda cha Mumba

Jua lilikuwa linazama Kalaba alipobisha hodi kwa Mama Chileshe, mjane wa commune ya Annexe, pembeni mwa mji, aliyekuwa anauza vinanda viwili vya marehemu mume wake, Mumba. Kalaba alikuwa mpiga kinanda wa orkesta ya wachimba shaba. Jumamosi wangepiga mbele ya wakubwa wa Chama tawala, na kiongozi wao alishatamka: alete kinanda kimoja tu.

Cha kwanza kilikuwa cha dijitali, kipya. Kilikuwa na sauti mia na zaidi: filimbi, kengele, marimba. Lakini kurekebisha sauti moja tu kulitaka abonyeze mpaka kidole kimuume. Kalaba akasonya. Sauti zote safi, na hakuna hata moja iliyomgusa.

Cha pili kilikuwa cha analogi, kikuukuu, chenye vitufe vya kuzungusha kwa mkono. Alizungusha kimoja. Sauti ikanenepa, ikalia kama mtu.

Hiyo! Miaka sita alikuwa anaitafuta.

Alipoondoa mkono, kitufe kikarudi nyuma. Chenyewe.

Akakizungusha tena. Kikarudi... polepole.

"Ah, non!" Akakikamata kwa hasira, akakaza. Kitu kikasukuma upande wa pili. Harufu ya tumbaku ikamjaa puani.

Mara umeme ukakatika. Mtaa mzima giza.

Kinanda kipya kikazimika.

Kile kingine kikaendelea kulia.

"Papa Kalaba, acha," Mama Chileshe akanong'ona mlangoni. "Bwana yangu hapendake muntu amuchagulie sauti."

"Si alikufa, mama?"

"Alikufa. Pale pale kwa kiti, anatafuta ile sauti. Bidole yake tulitoa na nguvu..." Akameza mate. "Kila mwenye kubeba ile, anairudisha. Beba ya mupya."

Kalaba alilipa, akabeba kile kipya, akatoka mbio. Hakuwa amefika njia kuu alipoisikia nyuma yake ile sauti, imekamilika, tamu kuliko alivyoipata yeye.

Jumamosi wakubwa walipiga makofi sana. Kalaba alitamani kukipiga teke kinanda chake.

Jumatatu jioni mke wake, Feza, alimkuta anavaa viatu.

"Unaenda wapi?"

"Annexe."

"Kufanya nini?"

Akainuka. Feza alitazama mkono wa kuume wa mume wake. Vidole vilikuwa vinazungusha hewa, polepole, na Kalaba mwenyewe alikuwa anavitazama kama si vyake.