Redio Isiyo na Vumbi

Mkokoteni ulikuwa umeshapita kituo cha mafuta kilichoungua. Fundi redio alivuta mbele. Mkewe, mshonaji, alisukuma nyuma. Juu ya mizigo aliketi binti yao wa miaka mitano, ameshika sufuria kama usukani. Mapigano yalikuwa yamefika mtaani kwao, na wao walikuwa wanahama.

"Dereva, punguza mwendo!" alisema mdogo wake fundi. Watu walimwita Waya, kwa wembamba wake.

"Lipa nauli kwanza, baba mdogo," mtoto akajibu.

"Nitalipa nikishuka."

Wakafika kwenye nyumba iliyohamwa. Barazani palikuwa na redio mbili ndogo za betri. Waya akazichukua zote.

"Shemeji, rudisha," alisema mshonaji. "Baraza lote limejaa vumbi. Hizo hazina hata chembe. Nani amezipangusa?"

"Shemeji na usafi wake! Leo hata usafi ni kosa?"

Fundi aliipima moja mkononi. Alishafungua mamia ya redio za namna hiyo. Hii ilikuwa nzito kidogo. Moyo ulisita, lakini jua lilikuwa kali na safari ndefu. Akaiingiza kwenye furushi la nguo alilokalia mtoto.

"Tutaiangalia tukifika," alisema.

Waya akabaki na ya pili. Ndugu hawa wawili walikuwa na namna moja ya kufanya kazi: washa kwanza, usikie inalalamika nini, ndipo ufungue. Waya alijifunza hivyo kwa kaka yake, miaka tisa.

Kamba ya kiatu chake ilifunguka, akabaki nyuma. Alipomaliza kuifunga alipaza sauti, "Ngoja tusikie habari!"

Akaiwasha.

Kishindo kilimwangusha fundi kifudifudi. Aliinuka, akakimbia kurudi. Waya alikuwa amelala chali. Mkono wa kulia haukuwepo. Alimtazama kaka yake. Muda si muda akakata roho.

"Nyingine!" mshonaji akapiga kelele. "Nyingine iko chini ya mtoto!"

Fundi akaukimbilia mkokoteni.

"Simama hapo hapo!"

Alikuwa mwanamke aliyevaa fulana nzito ya kukinga kifua. Yeye na wenzake walikuwa wakitegua mabomu katika shamba la jirani.

"Ni mwanangu yule!"

"Najua, baba. Ukiivuta mtakwenda wote wawili. Iko wapi hasa?"

"Ndani ya furushi. Amelikalia."

"Mama, ongea naye wewe. Asiruke."

Mshonaji akamwita mtoto. "Dereva, tumefika. Usishuke. Subiri kondakta akushushe."

"Baba mdogo hajalipa," mtoto akasema.

"Tulia hivyo hivyo, mwanangu. Hivyo hivyo."

Mtegua mabomu alipanda pembeni, akamnyanyua mtoto taratibu, kama anayenyanyua ndoo iliyojaa pomoni. Furushi halikutikisika. Wote wakarudi kwa njia waliyojia, mpaka nyuma ya ukuta wa mbali.

"Kuna watu wanafungua redio, simu, tochi," mtegua mabomu alieleza. "Wanaweka baruti ndani, halafu wanaziacha pale mtu atakapozitamani. Ukiitazama nje ni redio."

"Niliona ni nzito," fundi alisema.

"Uliona. Lakini nyingine hutaona lolote, hata kama wewe ni fundi. Kwa hiyo usitegemee macho. Uliza: ni ya nani? Imetoka wapi? Ukikosa jibu, usiiguse, usiiwashe, usiitupe. Kama umeishika, iweke chini polepole; kama iko ndani ya mzigo, iache ilipo. Ondoka, zuia watu wasiisogelee, na ukatoe taarifa."

"'Washa kwanza.' Nilimfundisha mimi."



Alasiri ile wategua mabomu waliilipua redio ya pili pale pale ilipokuwa. Mkokoteni uliteketea, pamoja na cherehani, magodoro na nguo zote. Waya alizikwa kesho yake. Mshonaji sasa anashona kwa mkono. Fundi amefungua kibanda katika mji walikohamia. Mteja akija, humuuliza kwanza kifaa kimetoka wapi, na cha kuokota hakipokei. Mwezi wa nne mama mmoja alileta tochi mpya iliyookotwa kisimani. Alipoulizwa ni ya nani, hakujua. Fundi alimwambia aiweke chini polepole, akawatoa watu wote, akafunga njia kwa kamba. Watu wa mabomu walikuja, wakakuta baruti ndani. Hakuna aliyeumia. Yule mama bado hupita kumsalimia. Binti yuko darasa la kwanza. Hakai juu ya mzigo wowote mpaka aambiwe kilichomo.